Tahadhari: anayeuza "kinga ya namba" Kisumu anakusanya namba zetu

Ndugu na majirani, hasa mnaopita Oginga Odinga Street na upande wa soko la Kibuye, yupo kijana nadhifu mwenye shati jeupe, beji kifuani na tableti mkononi, anayeuza kile anachokiita kinga ya namba, yaani ya kuzuia wauzaji wasikupigie simu. Msimpe chochote, si pesa, si kitambulisho, wala namba ya mtu mwingine.

Mnaojua jinsi wauza viwanja na mikopo walivyoniandama kwa simu hamtashangaa kwamba nilisimama kumsikiliza. Aliniita "Mwalimu" kabla sijafungua kinywa, na kwa kuwa nusu ya vijana wa mji huu wamepita darasani mwangu, sikuona ajabu. Alinieleza kwamba Marekani kuna orodha ya serikali ambayo ukiandikisha namba yako, wauzaji wanakatazwa kukupigia. Jambo hilo ni la kweli, orodha hiyo ipo tangu 2003, na mpwa wangu anayeishi huko aliwahi kunisimulia habari zake. Ndiyo maana maneno ya kijana huyu yaliniingia. Akaongeza kwamba Kenya sasa imejiunga nayo, kwa ada ya shilingi 1,500 kwa kila namba. Nilidai risiti, akaandika na kuigonga muhuri mbele yangu. Ni tapeli gani hutembea na muhuri?

Kisha akapiga picha kitambulisho changu, pande zote mbili, na kuniomba nimsomee namba za jamaa zangu ili nao wakingwe kwa bei nafuu. Nikamsomea ya dada yangu wa Siaya, ya mweka hazina wa chama chetu, hata ya mchungaji, naye akirudia kila tarakimu polepole kama karani wa benki anayehesabu noti za watu. Jioni hiyo hiyo nilipigiwa na mtu wa mikopo aliyenitaja kwa majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Dada naye akapiga akiwa amefura, akiuliza ni nani huyu anayemwambia kwamba mimi ndiye niliyetoa namba yake. Nilipomtafuta yule kijana, mteja hapatikani.

Mtu huyu anastahili kufikishwa mahakamani, na wanaonunua orodha zake wasimame kizimbani pamoja naye! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na haikuandikwa iwe pambo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine. Hawa wa mitaani wasiachwe eti kwa sababu hawana ofisi.

Dalili zilikuwepo: malipo yalikwenda kwa namba ya mtu binafsi, jina lililotokea halikuwa lake (alisema ni la mhasibu), na risiti haikuwa na anwani. Isitoshe, orodha ile ya Marekani ni ya namba za Marekani pekee, kujiandikisha ni bure, na hata huko haiwazuii matapeli, maana tapeli haombi ruhusa ya sheria.

Anayesumbuliwa ana haki ya kumwambia mpigaji aache kumtangazia biashara na aifute namba yake. Akikaidi, lalamiko hupelekwa kwa Kamishna, ambaye sheria inamtaka alimalize katika siku 90. Langu naliandika wiki hii. Yeyote aliyemlipa kijana huyu asifute ujumbe wa malipo, na anitumie jina lililotokea pale, tuone kama mhasibu ni yule yule.