Tazama nguo kwanza: filamu za zamani kwa jicho la fundi wa Kadutu

Nashona nguo Kadutu, hapa Bukavu, na filamu nazihukumu kwa mishono. Wengine wanafuata mapigano, wengine mapenzi; mimi naangalia koti limekaaje begani na nani amevaa nguo isiyokuwa yake. Kwa kipimo hicho filamu nyingi za siku hizi zinanichosha, maana kila mtu anaonekana ametoka dukani asubuhi ileile. Nguo za filamu za zamani zina jasho. Basi wateja wakinikuta jioni na televisheni ya atelye, chumba changu cha kushonea, imewaka, hizi ndizo ninazowaelekeza, tena kwa upendeleo wangu mwenyewe.

Naanza na La Vie est belle ya 1987. Sisi watu wa Bukavu tuna deni nayo: Mweze Ngangura, aliyeiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alizaliwa hapa mwaka 1950. Mwimbaji Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayeingia Kinshasa, anakuwa boyi wa tajiri mwenye klabu, halafu anampenda msichana yuleyule ambaye tajiri anamtaka awe mke wake. Mwisho utaubashiri mapema, na haidhuru. Utamu uko mitaani, kwenye muziki, kwenye mama waliofunga liputa na libaya, yaani kitenge na blauzi yake, kama walivyofunga mama zetu. Na kumwona Papa Wemba, mtu aliyewafundisha vijana wa nchi nzima kuvaa, akiitikia amri za bosi! Peke yake hiyo inatosha kukukalisha.

Kijana ninayemfundisha kazi haamini nikimwambia kwamba filamu ile ilipotoka, tai ilikuwa bado haramu Zaire, mpaka hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990.

"Sasa muzee, kwenye arusi walivaa nini?"

"Abacost, lile koti la Mobutu lisilotaka tai."

"Na shati ndani?"

"Shati la nini?"

Hii itazameni nyumbani, sauti juu, watoto wakiwepo. TV5Monde huonyesha filamu za Afrika mara kwa mara, kwa hiyo angalieni ratiba.

Ile ninayoipenda kuliko zote, lakini siielekezi kwa kila mtu, ni La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966. Haina rangi na haizidi sana saa moja. Diouana anaajiriwa Dakar na familia ya Wafaransa kulea watoto; wakimpeleka kwao Antibes, watoto hawapo, kuna jiko, sakafu na nguo za kufua. Anafanya kazi hiyo amevaa gauni la madoadoa na viatu vya kisigino kirefu. Madame anakasirika. Anampa aproni, anamwambia avue vile viatu, akumbuke yeye ni mtumishi. Hakuna kofi, hakuna tusi kubwa, na mimi fundi nimetazama watu wakipigwa risasi kwenye filamu bila kuumia hivyo. Gauni la mtu ndilo linamwambia yeye ni nani. Ukimlazimisha alifunike, umeshamfukuza hata kama bado anakula kwako. Sembène alijua anachosema, alikuwa kuli wa bandari Marseille kabla ya kuwa mwandishi.

Jambo moja wengi hawalijui: sauti ya mawazo ya Diouana mnayoisikia si ya Mbissine Thérèse Diop anayeonekana kwenye picha. Ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Ukishajua, unasikia kweli kwamba mdomo uko huku na moyo uko kwingine. Kwa sababu hiyo msiikubali kopi yoyote yenye msimulizi anayepayuka juu ya sauti. Kwa filamu za karate namvumilia, hapa hapana. Na mkisikia inapigwa ukumbini kwa projekta, nendeni hata mvua ikinyesha, hata kama viti ni vya plastiki na jenereta inanguruma ukutani. Ile barakoa iliyotundikwa kwenye ukuta mweupe wa apatimenti inataka ukubwa. Kwenye televisheni yangu ndogo inakuwa pambo tu. Watoto wadogo waacheni nyumbani, mwisho wake ni mzito.

Ngangura tena: Pièces d'identités ya 1998, iliyochukua Étalon de Yennenga, tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou, mwaka 1999. Mfalme Mani Kongo anakwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake na kofia na mapambo yake yote ya kifalme, kisha shida inamfikisha mahali pa kuyaweka rehani. Katikati inalegea kidogo, lakini Gérard Essomba anavaa kofia ile kama mtu aliyezaliwa nayo.

Ya mwisho wazee watanidai: The African Queen, ya 1951, safari ya mashua mtoni. Sehemu ilipigwa kwetu Kongo, kwenye mto Ruiki upande wa Ubundu, sehemu Uganda, na zile picha za kuingia majini zikamalizwa studio London. Humphrey Bogart alipata Oscar yake kwa fulana chafu na kitambaa cha shingoni. Katharine Hepburn anaanza amefungwa vifungo mpaka kooni, na kadiri mto unavyoteremka nguo inalegea, inachanika, inakuwa ya mtu. Aliyeshona alikuwa fundi. Kasoro yake ni kubwa: Waafrika wanaimba kanisani, wanachomewa kijiji, halafu hatuwaoni tena, kana kwamba mto wote ule hauna mwenyewe. Nawaambia wateja waitazame hivyo hivyo, macho wazi. Televisheni inatosha, na ikianza saa ya chakula, kuleni kwanza. Mwanzoni ni kanisa na kinanda tu.