Mtikisiko wa ubongo: SCAT6 au mashine ya kufuatilia macho?
Kwa gharama, SCAT6 ya mwaka 2023, fomu ya kumpima mwanamichezo aliyeumia kichwa, haina mpinzani: ni karatasi za bure, ila zinataka mtaalamu wa afya na dakika 10 hadi 15. Udhaifu wake ni mchezaji mwenyewe; anayetaka kurudi uwanjani atakwambia kichwa hakiumi. EyeBOX, mashine ya kufuatilia macho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa wenye miaka 5 hadi 67, haimuulizi kitu. Anatazama video kama dakika nne, kamera ikifuata mboni zote mbili. Kuidanganya ni kazi, lakini kuinunua na kuitunza pia ni kazi.

Timu yenye daktari na mfuko mwembamba ibaki na karatasi. Kliniki yenye wagonjwa wengi ifikirie mashine. Anayetapika mfululizo au kuzidi kusinzia, mkimbize hospitali, usipime chochote.