Kipima pombe cha mfukoni: kinachofaa, kisichofaa, na nani akinunue

Maduka ya vifaa vya umeme katika barabara ya Luthuli, Nairobi, pamoja na wauzaji wa mtandaoni, huuza vipima pombe vidogo vya kutia mfukoni, na mnunuzi huahidiwa kwamba vitamwonyesha mapema kile ambacho Alcoblow, yaani kipima pombe cha polisi, ingemwonyesha barabarani. Nimekitumia kimoja cha bei ya chini, kisha nikaazima kingine cha bei ghali kutoka kwa jamaa anayesimamia malori ya mizigo, ili nivipime kwa pamoja. Nautanguliza uamuzi wangu kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: kifaa hiki kina manufaa kinapokukataza kushika usukani, na kina madhara pale mtu anapokichukulia kuwa kibali cha kuendesha.

Kile cha bei ya chini kina umbo la rimoti ndogo ya televisheni na kinatumia betri mbili nyembamba. Ndani ya kisanduku mlikuwa na vipande vichache vya plastiki vya kupulizia, kamba ya kuning'iniza mkononi, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa maandishi madogo mno ambayo nililazimika kuisoma kwa msaada wa kamera ya simu. Ukikiwasha, huhesabu sekunde kadhaa kikijipasha moto, hutoa mlio, nawe unapuliza kwa mkupuo mmoja mpaka mlio wa pili. Jibu huja kwa nambari na kwa rangi: kijani, manjano au nyekundu. Chapa zilizoko sokoni ni nyingi, lakini vifaa vyenyewe vimefanana kiasi kwamba sioni faida ya kutaja jina lililobandikwa kwenye changu.

Tatizo la kwanza ni vipimo vyenyewe. Skrini ya kifaa changu huonyesha mistari miwili kwa wakati mmoja, mmoja ukiwa ni asilimia ya pombe katika damu na mwingine ukiwa ni gramu kwa lita, na baadhi ya vifaa vingine huonyesha miligramu kwa lita moja ya pumzi. Kanuni za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, ambacho ni sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Hivyo basi, kiwango kile kile cha ulevi kinaweza kuandikwa 0.08 kwenye kifaa kimoja, 0.8 kwenye kingine, na 0.35 kwenye cha tatu. Mtu aliyesikia redioni kwamba kikomo ni "thelathini na tano" anaweza kuisoma 0.20 ya asilimia ya damu akadhani kwamba bado ana nafasi, ilhali amekwisha kupita kikomo mara mbili na nusu. Nilitarajia karatasi ya maelezo ilifafanue jambo hili, haikulifafanua.

Rangi nazo zina udanganyifu wake. Zimepangwa na kiwanda, wala hazikuzingatia sheria ya nchi yoyote hasa. Katika kifaa changu, manjano huanza kwenye 0.02 ya asilimia ya damu na nyekundu huanza kwenye 0.05, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kiwe kikomo kwa madereva wa kawaida, huku likipendekeza kisizidi 0.02 kwa madereva vijana na wanaoanza. Kwa macho ya dereva wa Nairobi, hata hivyo, manjano ni ile taa ya makutano ambayo watu wengi huitafsiri kuwa amri ya kukanyaga mafuta.

Inafaa pia mnunuzi aelewe kwamba kuwa chini ya nambari hakumkingi mtu kisheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizitazama kanuni zile za vipimo na kuona kwamba zilikwenda mbali kuliko Sheria ya Trafiki yenyewe, ambayo humwadhibu mtu anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Baadaye vipimo vilirejea barabarani, na mabishano juu yake hayajapoa, lakini hoja ile ya sheria inapaswa kumzindua mwenye kifaa cha mfukoni: linaloulizwa ni kama unalimudu gari, na hilo kifaa hakilijui.

Nilivipima vifaa vyote viwili nikiwa sijaonja chochote. Nilisukutua mdomo kwa dawa ya kusukutulia yenye pombe, nikapuliza papo hapo, na vyote viwili vikaruka hadi nyekundu. Baada ya kusubiri robo saa, vyote vikarudi sufuri. Hilo si kasoro ya kifaa, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni huonekana kwenye pumzi hata kama haijafika kwenye damu, na ndiyo sababu polisi wenyewe wanapaswa kusubiri kabla ya kupima mtu aliyetoka kunywa sasa hivi. Tofauti ilijitokeza nilipopulizia marashi ndani ya gari lililofungwa madirisha. Kile cha bei ghali kilibaki sufuri, ilhali changu kilionyesha kiasi kidogo cha pombe ambayo haikuwapo. Vifaa vya bei ya chini hutumia sensa ya semikonda, ambayo huitikia gesi nyingi zaidi ya pombe, ukiwemo moshi wa sigara na asetoni inayoweza kuwa kwenye pumzi ya mgonjwa wa kisukari au mtu aliyefunga kwa muda mrefu. Vile vya bei ghali, kama vya polisi, vina seli yenye platinamu ambayo huunguza pombe na kuzalisha umeme kidogo unaolingana na kiasi chake. Aina zote mbili hupoteza usahihi kadiri muda unavyopita, na huhitaji kusawazishwa upya, yaani kurekebishwa ili vipime sawasawa, baada ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Tuje kwenye kazi ambayo kifaa hiki kinaifanya vizuri kupita matarajio yangu, nayo ni kipimo cha asubuhi. Watu wengi huhesabu kwamba wakilala, wamelevuka. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 4.2, kama ilivyo Tusker, ina takriban gramu 16.6 za pombe halisi. Mwanamume wa kilo 75 akinywa chupa sita kuanzia saa tatu usiku, hesabu ya kawaida inampa jumla ya karibu 0.195 ya asilimia ya damu, na mwili huondoa takriban 0.015 tu kwa kila saa, uwe umelala, umeoga maji baridi au umekunywa kahawa chungu. Saa kumi na mbili asubuhi, anapoingia garini kuwapeleka watoto shuleni, bado ana karibu 0.06, na hamalizi kabisa mpaka saa nne. Aliyemaliza chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 amekunywa gramu 79, ambazo ni karibu sawa na bia tano, ingawa kwa hesabu yake mwenyewe huenda akasema amekunywa chupa moja. Hesabu hizi hubadilika kwa uzito, jinsia na chakula kilichomo tumboni, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Jamaa yangu wa malori amefanya kupuliza asubuhi kuwa sharti la kukabidhiwa funguo, na anakubali sufuri peke yake; dereva asiyefika sufuri hubaki yadini na mshahara wa siku hiyo haukatwi mara ya kwanza. Naona sera hiyo ina busara, maana dereva anayeogopa kukatwa pesa atatafuta mwenzake ampulizie.

Jioni ni jambo lingine kabisa. Nilikwenda na kifaa kwenye nyama choma nyumbani kwa ndugu, na kabla sinia la pili halijaletwa, kilikuwa kimegeuka mchezo. Kilipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake kwa nambari, na vicheko vikawa vikubwa zaidi kwa aliyewasha nyekundu. Shemeji yangu, ambaye alikuwa na safari ya kurudi Nairobi kwa Barabara ya Mombasa, alipuliza akapata 0.04. "Umeona, shemeji? Ni manjano," akasema huku akitafuta funguo. "Nitakwenda polepole tu." Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuziondoa funguo zile mezani na kuzitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Tulipokuwa tukisubiri teksi, shemeji alipuliza tena ili kuthibitisha kwamba anaonewa, na kifaa kikaonyesha 0.06, ingawa hakuwa ameongeza hata tone. Pombe huchukua muda kufyonzwa kutoka tumboni, aghalabu nusu saa hadi saa moja na nusu kabla ya kufika kileleni, hivyo kipimo cha mara tu baada ya glasi ya mwisho hueleza hali ya dereva anapoondoka na kunyamaza juu ya hali atakayokuwa nayo njiani. Kwenye kisanduku hakuna onyo hata moja kuhusu jambo hili, na kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote.

Ahadi ya "nitakwenda polepole" nayo inastahili kuangaliwa, kwa kuwa uwezo wa kukadiria mwendo ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuharibiwa na pombe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Likifika 100, hupita karibu mita 28, na nguvu ya kugonga huwa mara nne, si mara mbili. Dereva ambaye pombe imemchelewesha nusu sekunde kukanyaga breki kwenye mwendo huo wa 100 amekwisha kupita mita 14 za ziada kabla gari halijaanza kupunguza kasi, na katika barabara zetu, ambapo watembea kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi kuliko kundi jingine lolote, mita hizo huwa na mtu. Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila asilimia moja ya ongezeko la wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali mbaya za vifo kwa takriban asilimia nne, na makadirio hayo yanamhusu hata asiyekunywa. Barabara ya mwendokasi ya Nairobi, yenye kikomo cha kilomita 80, ilikuwa na siku chache tu tangu kufunguliwa mwezi Mei 2022 gari lililokuwa likienda kwa kasi lilipovamia kituo cha kulipia cha Mlolongo. Kipima pombe hakina la kusema juu ya mguu mzito, na mwenye kukinunua asijidhanie ameununua usalama wote.

Wakongwe watakumbuka vidhibiti mwendo vilivyoletwa na kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004, vilivyozuia matatu na mabasi kupita kilomita 80 kwa saa. Kwa kipindi fulani mabadiliko yalionekana kwa macho, kisha mafundi wakajifunza namna ya kuvilegeza, na baadhi ya magari yakaendelea kuonyesha cheti cha kidhibiti ambacho hakikuwa kikidhibiti kitu. Kipima pombe cha mfukoni ni rahisi zaidi kukihadaa, kwa kuwa anayekishika ndiye anayetaka jibu zuri. Ukipumua haraka haraka kabla ya kupuliza, kiwango hushuka kidogo. Ukipuliza kwa unyonge, baadhi ya vifaa hukubali pumzi isiyotoka chini ya mapafu. Peremende, vitunguu na mkaa, ambavyo vijiweni husifiwa kuwa dawa ya Alcoblow, havikubadilisha chochote kwenye kifaa kile cha bei ghali.

Kwa mmiliki wa malori, matatu au magari ya shule, ningependekeza chenye seli ya platinamu, hata kama bei yake ni mara kadhaa ya kile kingine, mradi muuzaji aonyeshe mahali kitakaposawazishwa na akubali kuandika hilo kwenye risiti. Kwa familia yenye gari moja na mtu anayependa kustarehe mwishoni mwa juma, cha bei ya chini kinatosha kwa matumizi ya asubuhi, kwa sharti kwamba kitu chochote kilicho juu ya sufuri kihesabiwe kuwa kukataliwa, na kikae kwa yule asiyekunywa. Kwa mtu anayetaka kukiweka mfukoni akiwa baa ili ajue abakize chupa ngapi, sikipendekezi kwa bei yoyote. Nauli ya teksi ya kurudi nyumbani itampunguzia pesa kidogo kuliko kifaa chenyewe. Muuzaji wangu, nilipomuuliza wapi changu kitasawazishwa mwaka ukiisha, alinijibu kwamba hicho hakisawazishwi, hutupwa na kununuliwa kingine, kwa hiyo mnunuzi aihesabu bei yake kuwa ni ya mwaka mmoja.