Strima na DAC ya kujiundia nyumbani Dar: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kila anayetaka kujiundia strima hapa Dar huanza na swali la chipu: achukue chapa ya ESS au ya Burr-Brown, namba 9038 au 5102? Mimi namshauri aanze na chaja. Bodi ya bei ndogo ikipata umeme safi inaimba vizuri kuliko bodi ya bei mbaya inayolishwa na chaja ya simu ya kuokoteza, na kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka tofauti hiyo utaisikia hata kwenye sabufa. Kwa hiyo mpangilio wangu unafuata maisha yetu: nyumba isiyo na ethi ya uhakika, umeme unaoweza kukatika wimbo ukiwa katikati, bando la kupimia, na hewa ya chumvi kwa walio Kigamboni na Msasani.

Kwa anayeanza kabisa: strima ni kompyuta ndogo inayochukua nyimbo kwenye flashi, kwenye mtandao wa nyumbani au redio za intaneti. DAC ndiyo inayogeuza namba za wimbo kuwa mawimbi ya umeme yanayoingia kwenye amplifaya kupitia zile plagi nyekundu na nyeupe. Unaweza kununua vyote vikiwa kwenye boksi moja, lakini ukivinunua mbalimbali unalipa kidogo, na kikiharibika kimoja hutupi vyote.

Kompyuta: Pi ipi?

Raspberry Pi (kwa kifupi Pi), kompyuta ya bodi moja ndogo, ndiyo msingi wa wajenzi wengi, kwa sababu programu za muziki zimeshaandaliwa kwa ajili yake. Muziki hauhitaji nguvu nyingi, kwa hiyo usikubali kuuziwa ya karibuni kwa kuwa tu ni ya karibuni.

Ya kwanza kwangu ni Pi 3B+ ya mwaka 2018, hata iliyotumika. Ina tundu la waya wa mtandao, inashika waifai ya 5 GHz (jambo kubwa kwa anayeishi kwenye maghorofa ya Sinza au Upanga ambako 2.4 GHz imejaa ruta za majirani), pini zake zimeshachomewa, na haihitaji feni.

Ya pili ni Zero 2 W. Ilipotoka Oktoba 2021 bei yake ilikuwa dola 15. Hapa mjini utalipa zaidi, lakini bado ndiyo nafuu. Ina ramu ya MB 512 tu, na kwa muziki zinatosha. Haina tundu la waya wa mtandao, waifai yake ni ya 2.4 GHz peke yake, na mara nyingi inakuja bila pini, kwa hiyo fundi wako awe na mkono mwepesi wa kuchomea.

Pi 4 inashika nafasi ya tatu, ila inapanda hadi ya kwanza ukiamua kutumia DAC ya USB. Kwenye 3B+ matundu ya USB na waya wa mtandao vinagombania njia moja ya ndani. Pi 4 imezitenganisha. Pi 5 iache. Inapata joto, kwa hali ya hewa ya Dar utaiwekea feni, na feni sebuleni saa nne usiku wakati kanuni na fidla zinapiga taratibu ni kero tupu. Chaja yake rasmi ni ya volti 5 na ampea 5, nayo si rahisi kuipata dukani.

DAC: mpangilio wangu

*Nafasi ya kwanza: bodi ya PCM5102A.* Chipu hii ni ya Texas Instruments, kutoka ukoo wa Burr-Brown. Inatoa volti 2.1, kiwango cha kawaida cha deki ya CD, na tofauti kati ya muziki na kelele zake inafika desibeli 112 kwa vipimo vya mtengenezaji. Sabufa yako na amplifaya nyingi za mtumba zina kelele kuliko hiyo, kwa hiyo si chipu itakayokuangusha. Inajitengenezea saa yake kuu (mapigo yanayopanga mwendo wa muziki) kutokana na mapigo yanayotoka kwenye Pi, na ndiyo maana waya tatu za muziki, moja ya umeme na moja ya graundi zinatosha.

Kile kibodi kidogo cha zambarau kinachouzwa bei rahisi kiangalie kwa makini kabla hujakiwasha. Kigeuze: nyuma kuna sehemu nne za kuunganisha kwa tone la risasi, zimeandikwa 1 hadi 4, kila moja ikiwa na upande wa H na upande wa L. Ya 1, ya 2 na ya 4 ziende L. Ya 3 iende H. Hiyo ya 3 ndiyo inayofungua sauti, na ikiachwa wazi utapata ukimya ukadhani umeuziwa kibovu. Mbele kuna sehemu iliyoandikwa SCK. Nayo iunganishwe na graundi. Upande wa Pi, zile waya tatu za muziki zinaungwa hivi: BCK inakwenda pini ya 12, LCK pini ya 35, na DIN pini ya 40. Kisha kwenye faili la config.txt andika dtoverlay=hifiberry-dac na uzime sauti ya ndani ya Pi. Yote hayo ni kazi ya jioni moja.

*Nafasi ya pili: DAC ya USB.* Ni ya asiyetaka kushika risasi kabisa. Kampuni za FiiO, Topping na SMSL wanazo nyingi, na zinazofuata kiwango cha kawaida cha sauti ya USB zinatambuliwa na Linux, mfumo unaoendesha Pi, bila kusakinisha chochote. Faida yake kubwa: DAC nzuri ya USB inatumia saa yake yenyewe, na kesho ukiichoka Pi unaichomeka kwenye laptopu. Hata kile kiwaya cha Apple cha USB-C kwenda tundu la hedifoni ni DAC halali, japo kinatoa takribani volti 1 tu, na toleo la Ulaya nusu yake. Kama amplifaya yako ina nguvu za kutosha, kinafaa.

*Nafasi ya tatu: bodi ya kupachika juu ya Pi yenye saa zake mbili,* mfano HiFiBerry DAC+ Pro na zinazofanana nayo zenye chipu ya PCM5122. Kiufundi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Saa ya Pi haigawanyiki sawasawa kupata sampuli 44,100 kwa sekunde, kasi ya muziki wa CD, kwa hiyo Pi inakadiria, na mapigo yanatikisika kidogo. Bodi hizi zina fuwele mbili za saa, 22.5792 MHz kwa kasi za ukoo wa 44.1 (elfu) na 24.576 MHz kwa zile za ukoo wa 48, na zenyewe ndizo zinazoiongoza Pi. Nimezishusha hadi ya tatu kwa sababu ya bei na usumbufu wa kuagiza. Mwenye spika nzuri na amplifaya tulivu aipandishe hadi ya kwanza bila kusita.

*Nafasi ya nne: bodi za ES9038Q2M kutoka China.* Chipu ni kali, ila ubora wa bodi unatofautiana sana kati ya muuzaji na muuzaji, na nyingi zinadai transfoma yake. Zinamfaa anayependa kubadilisha kapasita na kupima. Anayetaka tu kusikiliza azipite.

Tundu la hedifoni la Pi yenyewe silipangi. Sauti yake ni ya mapigo ya haraka ya kuwasha na kuzima iliyochujwa, na mchujo wenyewe ni hafifu. Litumie kuhakikisha programu inafanya kazi, basi.

Umeme, na hapa ndipo pesa iende

Pi inalalamika umeme ukishuka chini ya volti 4.63 hivi. Ingia kwenye Pi kwa laptopu, andika vcgencmd get_throttled. Ukiona 0x0, umeme unatosha. Ukiona 0x50000, umeme umewahi kushuka tangu uwashe, na mara nyingi mkosaji ni waya: zile nyuzi nyembamba za kuchajia simu zinapoteza volti njiani. Nunua chaja ya volti 5.1 yenye waya wake usiochomoka, ampea 2.5 kwa Pi 3 na Zero 2 W, ampea 3 kwa Pi 4. Ukibakiwa na pesa, chukua chaja ya transfoma kwa ajili ya DAC peke yake, kabla hujafikiria kupanda chipu.

Sasa ule mvumo. Watu wengi wanaosema DAC yao mbovu wana mvumo wa 50 Hz unaotoka kwenye graundi. Jaribio lake ni rahisi: iendeshe Pi kwa pawabanki. Mvumo ukikata, chaja ndiyo mkosaji. Ukibaki, chomoa king'amuzi kwenye amplifaya, maana waya wa dishi mara nyingi unaleta graundi ya pili kutoka juu ya bati. Ukishindwa kabisa, kuna vijiboksi vyenye transfoma ndogo za sauti ambavyo mafundi wa redio za magari wanavitumia. Kimoja kati ya DAC na amplifaya kinamaliza kesi, ingawa vya bei ya chini vinapunguza besi. Waya wa mtandao usio na ganda la chuma hauleti tatizo hili, kwa hiyo usiuogope.

Chukua pia ile UPS ndogo ya ruta (betri inayoshika kazi umeme ukikatika), ila soma kwanza kama tundu lake la volti 5 linatoa ampea za kutosha. Nyingi zimetengenezwa kwa ruta, na volti 9 au 12 zikiingia kwenye Pi umeshaiua.

Programu: kwa Dar chagua inayovumilia kukatika kwa umeme

Memori kadi inaharibika pale umeme unapokatika wakati inaandikwa. piCorePlayer inajipakia yote kwenye ramu ikiwaka, kisha inaiacha kadi itulie. Umeme ukikatika na kurudi, strima inawaka kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo tu naiweka ya kwanza. Inaweza kubeba ndani yake Lyrion Music Server, programu ya kupanga na kusambaza nyimbo, ile iliyokuwa ikiitwa Logitech Media Server, na simu yako inakuwa rimoti. moOde ni ya pili: ina vipimo na marekebisho mengi, lakini inapenda kuzimwa kwa utaratibu. Volumio ni nyepesi kuizoea kwa mgeni, ila mambo yake kadhaa mazuri yamefungwa mpaka ulipie.

Kuhusu bando: redio ya intaneti ya kbps 128 inakula karibu MB 58 kwa saa. Muziki wa ubora wa CD bila kubanwa ni MB 635 kwa saa, na FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kupoteza ubora, huupunguza hadi kama nusu hivi. Nyimbo unazozipenda ziwe kwenye flashi iliyochomekwa kwenye Pi.

Ukienda Kariakoo

Memori kadi feki zimejaa. Kadi inakuandikia GB 64 wakati ndani ina 8, na utagundua siku nyimbo zinapoanza kupotea. Ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux siku hiyohiyo, ukiwa bado na risiti. GB 8 au 16 halisi zinatosha.

Amplifaya ya mtumba igeuze nyuma usome volti. Za soko la Japani zimeandikwa volti 100, na ukizichomeka kwenye 230 yetu utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo. Ukiipenda, weka na bei ya transfoma ya kushushia kwenye hesabu. Bodi za kuagiza nje nazo usizihesabu kwa bei ya mtandaoni peke yake: VAT ni asilimia 18, kisha kuna ushuru na usafiri.

Boksi lisiwe la chuma kitupu kama unatumia waifai, maana litaifunika antena. La plastiki lenye matundu chini na juu linatosha, na kwa walio karibu na bahari liwekwe mbali na dirisha, kwa kuwa chumvi inaanza kula pini zisizo na dhahabu. Mwisho, volti 2.1 ni nyingi kwa sabufa kadhaa na besi inapasuka mapema: shusha sauti kwenye programu kwa desibeli 6, kisha tumia kitasa cha sabufa kama kawaida.