Piki za kufungulia kufuli: Peterson, SouthOrd, Sparrows, Multipick na zile za Kichina, uzoefu wangu hapa Nairobi

Mimi ni fundi wa kufuli, nafungulia watu milango wakipoteza funguo ama zikibaki ndani, na hata jioni nikiwa kwangu bado nashika kufuli naichezea tu kwa sababu hii kazi naipenda. Vijana wanaoanza huniuliza sana wanunue piki gani, yaani vile vyuma vyembamba vya kufungulia kufuli bila ufunguo, na wengi wao wanahesabu vipande, eti hii seti iko na 24 na ile iko na 17 kwa hivyo ya 24 ndio poa. Hapana. Kwa kazi yangu vipande vitatu vinne ndio vinashinda mkononi, hizo zingine zinakaa kwa mfuko tu. Angalia chuma ni gani, unene ni ngapi, na ncha imemalizwa vipi, na kwa kufuli za huku kwetu hiyo ya unene ndio kubwa kuliko zote.

Wacha nieleze kwa nini. Ukipita hadiwea yoyote kuanzia River Road mpaka Gikomba, kufuli utakazopata ni Tricircle, Solex, Viro, halafu zile hazina jina la maana. Tundu la ufunguo kwa nyingi ya hizo ni jembamba na liko na kona kona. Kwa flati mpya za Kilimani, Ruaka na Syokimau unapata silinda za aina ya Ulaya, ile sehemu ya kitasa unaingiza ufunguo, hizo nazo tundu ni jembamba vilevile. Sasa piki nyingi za Marekani zinakuja na unene wa inchi 0.025, yaani kama milimita 0.64, kwa sababu kufuli za nyumba za kwao tundu ni pana. Ukiingiza hiyo kwa tundu la huku inajaza nafasi, inagusa kuta pande zote, na hapo mkono wako haujui tena kama unachosikia ni pini, vile vijiti vidogo vya ndani vinavyosukumwa na ufunguo, ama ni ukuta. Ukienda kwa ile nyembamba ya 0.015, hiyo ni kama milimita 0.38, inaingia vizuri kabisa lakini kufuli ya geti iliyokula vumbi la Eastlands miaka na miaka iko na springi ngumu na pini zimeshikana, na piki nyembamba inapinda kidogo kabla pini haijasonga. Kwa hivyo lazima uwe na zote mbili, na kama ni moja tu basi tafuta ya katikati.

Sasa tuanze na za bei rahisi kabisa, zile zinauzwa pamoja na kufuli ya plastiki unaona pini ndani. Hazina jina, boksi nyeusi ama karatasi tu, na bei yake mtu yeyote anaweza. Hiyo kufuli ya kuonekana ndani ni nzuri, nasema ukweli, kwa kujifunza vile pini zinapanda moja moja mpaka usawa wa silinda, ile sehemu inazunguka na ufunguo, hakuna kitu inaishinda, lakini piki zenyewe chuma ni laini sana. Niliitoa ndoano moja, yaani piki ya ncha iliyopinda juu, kwa Tricircle ya geti na ikatoka imenyooka kama sindano. Pia zimekatwa kwa mashine zikaachwa hivyo hivyo, makali pande zote, ukipitisha kidole unasikia inakwaruza, na hayo makali ndani ya kufuli yanakwama kwa pini na yanakupotezea ile hisia ya mkono. Unaweza kuzipiga msasa, anza na namba 400 umalize na 1000, na zinabadilika kabisa, ila chuma laini itabaki laini. Na hiyo chuma ya kukaza, tensheni, kwa hizo seti ndio mbaya zaidi kwa sababu inajikunja yenyewe badala ya kuzungusha silinda.

SouthOrd ni ya Marekani, jimbo la Georgia, na seti ya PXS-14 nadhani ndio watu wengi duniani wameanzia. Chuma ni kizuri, mpini wa plastiki unashikika hata mkono ukiwa na jasho, na kuna MPXS-14 ambayo ni ileile ya vipande 14 ila mpini ni wa chuma. Mimi napenda ya mpini wa chuma kwa sababu mtikisiko mdogo wa pini unafika kwa kidole vizuri zaidi, lakini asubuhi ya mwezi wa saba hapa Nairobi utaisikia baridi yake. Wako na nyembamba pia wanaziita slimline, na ukiagiza ukiwa Kenya agiza hizo.

Peterson nao ni wa Marekani na hapa ndio naanza kuongea na moyo wote. Hicho chuma wanakiita Government Steel, sijui niseme vipi, kinasukuma pini ngumu bila kulia na kinarudi pale pale kilipokuwa. Piki yangu ya ndoano ndogo ya Peterson imefungua kufuli za magodauni Industrial Area ambazo jamaa wengine walikuwa wameshaleta grainda. Na hii maneno ya grainda inaniuma, fundi mwenye piki mbovu anakimbilia grainda haraka, anakata kufuli ya mteja ambayo bado ni nzima, halafu mteja anaenda kununua ingine, sasa umemsaidia nini. Piki nzuri inarudisha pesa yake hapo, mteja akiona kufuli yake imefunguka bila mkwaruzo anakupea namba kwa majirani wote wa ploti.

Lakini kitu kinafanya Peterson niwaweke juu ni zile tensheni zao za Prybar. Watu wanatumia pesa yote kwa piki wanasahau tensheni, na kusema kweli kufungua kufuli kazi kubwa inafanywa na mkono wa tensheni. Kuna ya kukaa chini ya tundu, ndio ile ya kawaida imekunjwa kama herufi L, na kuna ya kukaa juu ya tundu ambayo ni bapa, imeshika pale mwanzoni tu. Kwa tundu jembamba hii ya juu inakuachia nafasi yote ya chini kwa piki, na nguvu inafika kwa silinda moja kwa moja bila kuyumba, ukipata pini za usalama zile za umbo la kijiti cha uzi unasikia silinda ikirudi nyuma kidogo kabisa, na usiposikia hiyo hutoki. Lazima iwe na unene tofauti tofauti ikae imara kwa kila tundu, ikicheza haifai. Kwa hivyo kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua tensheni nzuri kwanza piki zifuate.

Sparrows ni wa Canada. Ncha zao zimesuguliwa vizuri, zinateleza ndani, na wako na 0.025 mpaka zile nyembamba, kwa hivyo unachagua. Seti yao ya Tuxedo ni nzuri kwa mtu anataka kuanza na vitu vya maana bila kuchanganyikiwa. Sina mengi, zinafanya kazi.

Multipick ni wa Bonn, Ujerumani, na hao walitengeneza piki wakifikiria silinda za Ulaya, na umbo jembamba la shingo. Kwa milango ya flati mpya hizi ndio nashika kwanza, unaona kabisa fundi wao alikuwa na tundu kama letu mbele yake. Bei ni kali, sifichi, na ukiongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya 16% unaweza kukaa chini ufikirie kodi ya nyumba. Mimi nilinunua piki moja moja badala ya seti, na nawashauri mfanye hivyo, ndoano fupi na ndoano ya kati zinatosha.

Na kuna Jimylong, hii ni ya China na ndio imenishangaza. Chuma kigumu, imesuguliwa, unene wa maana, na bei iko chini sana ya hao wa juu. Nimeipima na venia, kile kipimo cha unene, na unene uko vile walisema. Kijana wa mtaani mwenye pesa kidogo asinunue ile seti ya boksi isiyo na jina, aweke pesa kwa muda achukue Jimylong.

Kumbuka tu piki hizi zote ni za kufuli za pini. Mlango wa zamani ulio na kitasa cha Union cha leva, yaani cha vibapa vya chuma badala ya pini, ule wa ufunguo mrefu wa ulimi, hapo piki hizi hazina kazi, hicho kina vifaa vyake.

Na hii si ya kutembea nayo ovyo. Kanuni ya Adhabu, sura ya 63, inagusa mtu akipatikana nje ya kwake na vifaa vya kuvunja nyumba, kwa hivyo mimi nikitoka nina kitambulisho, risiti za kazi na namba ya mteja aliyeniita. Nikifika mlangoni nataka mwenye ploti ama soja wa geti athibitishe kwamba huyu anaishi hapo, na kama hakuna wa kuthibitisha narudi nyumbani hata kama anaongeza pesa. Ya kufanyia mazoezi nunua kufuli yako, na usicheze na ile inafunga mlango wako sasa hivi kwa sababu ikiharibika utalala nje.

Kwa magari ni habari ingine kabisa, hapo ni Lishi, kifaa cha kufungulia kufuli za gari, na kila aina ya ufunguo iko na yake. Toyota nyingi za huku kama Probox zinatumia TOY43, Nissan kama Tiida ni NSN14, na hicho kifaa kinakusomea mikato ya ufunguo ukimaliza kwa hivyo unamkatia mteja ufunguo mpya hapo hapo. Ila sokoni feki ni nyingi sana. Shika kifaa usogeze mkono wake polepole, ukicheza kushoto kulia wacha, na usome mistari ya namba, ikiwa imefifia ama haiko sawa na ncha basi utakata ufunguo ambao hauingii.