Tathmini: Kifurushi cha "Watu wa Miko Wasio na Huruma", Kibanda cha Vitabu, Kibuye, Kisumu

Karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu pana kibanda cha vitabu vya mitumba ambacho mwenyewe, mbali na kuuza, hukodisha vitabu alivyovifunga pamoja kwa kamba ya katani, kila kifurushi kikiwa na mada yake iliyoandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaki. Mwezi uliopita nilichukua kilichoandikwa "Watu wa miko wasio na huruma": vitabu vitatu kwa wiki tatu, shilingi 300, na amana ya shilingi 500 ambayo nilirudishiwa yote. Ninafundisha fasihi, na wanafunzi wangu wamezoea kudhani kwamba mhusika asiyeumizwa na uchungu wa mwenzake lazima awe mtu asiye na maadili. Nilitaka wahusika wa kuwaonyesha vinginevyo.

Muuzaji hushauri mtu aanze na riwaya ya kwanza ya Jeff Lindsay kuhusu Dexter Morgan, iliyotoka mwaka 2004, na ushauri huo ni mzuri. Dexter huchunguza michirizi ya damu kwa niaba ya polisi wa Miami, na usiku huua watu. Harry, baba yake mlezi aliyekuwa polisi, alikwisha kutambua kwamba kiu ile ya kijana haingeondoka, ndipo akamfunza kanuni: asimguse ila muuaji, awe na uhakika kamili kabla ya kutenda, na asikamatwe. Kanuni ya tatu haina uadilifu wowote ndani yake, ni tahadhari tu, lakini Dexter huzishika zote kwa uzito uleule, kwa kuwa hana moyo wa kumwonyesha tofauti. Anasimulia mwenyewe, akikiri kwamba hisia anazoonyesha mbele ya watu ni za kuigiza, na simulizi yake inavutia kiasi kwamba nilijikuta namwombea asishikwe. Jambo hilo lilinisumbua kwa siku kadhaa.

Kitabu cha pili, Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, sikubali kwamba kinafaa hapa. Ni kweli Shylock, mkopeshaji Myahudi, anang'ang'ania hati yake na ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, lakini mtu anayeuliza kama Myahudi hana macho, na anayeililia pete aliyopewa na mkewe Leah, ana hisia nyingi mno. Ameumizwa, naye anatafuta kisasi kwa njia ya sheria. Kiswahili chake ni cha kufurahisha, ila kingewekwa katika kifurushi kingine.

Kinachokifanya kifurushi kistahili bei yake ni Javert, askari wa Victor Hugo katika Les Misérables ya mwaka 1862. Alizaliwa gerezani, akachagua kuwa mlinzi wa sheria, na Hugo anatuambia kwamba angeweza kumkamata hata baba yake mzazi. Lakini miko yake haimbani mwingine tu. Anapoamini kwamba amemshuku meya bure, anamwendea na kudai afukuzwe kazi, kwa sababu kujiuzulu ni jambo la heshima, naye anaona anastahili adhabu. Dexter amerithi kanuni zake kutoka kwa Harry. Javert amezifanya kuwa mifupa yake, na kwa hiyo Jean Valjean, mfungwa wa zamani aliyekuwa akimwinda, anapomwacha hai pale kwenye kizuizi cha waasi barabarani, naye kisha akashindwa kumkamata Valjean, hakubakiwa na kitu cha kumshikilia asianguke. Anajitupa katika mto Seine.

Hapa ndipo nina lalamiko. Nakala niliyopewa ilikuwa imefupishwa, na ukurasa muhimu kuliko yote haukuwamo. Kabla ya kujitupa mtoni, Javert anaingia katika kituo cha polisi na kuandika mapendekezo ya kuboresha kazi. Anataja kwamba wafungwa husimamishwa miguu mitupu juu ya mawe wanapopekuliwa, kwamba wengi hurudi wakikohoa, na kwamba jambo hilo huongeza gharama za hospitali. Ameuona ubaridi wa mawe yale, amekisikia kikohozi, lakini lugha pekee aliyo nayo ya kuyaeleza ni ya hesabu. Sijui namna bora zaidi ya kumwelewa mhusika wa aina hii, na msomaji wa nakala fupi ananyimwa ufunguo huo.

Nilipomweleza muuzaji, hakubishana. "Mwalimu," alisema, "kile kinene wengi hukirudisha bila kukimaliza, ndiyo maana nikaweka kifupi." Jumamosi iliyofuata aliniletea kutoka nyumbani kwake nakala kamili, yenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi, akaniongezea wiki mbili bila malipo. Huduma ya namna hiyo sijaipata kwingine mjini.

Nakala za riwaya zote mbili, ya Lindsay na ya Hugo, ni za Kiingereza, basi mzazi anayemkodishia kijana alizingatie hilo, pamoja na umwagaji damu uliomo katika ya kwanza, ambayo mimi singempa mtoto wa shule ya msingi. Atakayekwenda aombe nakala kamili ya Hugo wakati wa kulipa amana, maana ipo moja tu, na nimeirudisha Jumanne hii.