Seti ya kukenekea ya 19/26 kwa shule: kioo safi, themomita ya kubadilisha

Seti hii ya kukenekea, yaani kuchemsha kioevu na kuupoza mvuke wake ili kutenganisha vilivyochanganyika, inauzwa mjini Kisumu kwa maabara za shule za upili. Ndani ya sanduku mna chupa mbili za kitako cha duara (ml 250 na ml 100), kichwa chenye tawi, kondensa ya Liebig (bomba linalopozwa kwa maji ili mvuke ugeuke kioevu) ya sentimita 20, mnara wa Vigreux (bomba la kusimama lenye vidole vya kioo ndani, linalosaidia kutenganisha mvuke) wa urefu huo huo, kipokezi kilichopinda (kinachoelekeza matone kwenye chupa ya kukusanyia), themomita, na stendi moja yenye kishikio kimoja. Viungo vikuu vyote ni vya 19/26, yaani upana wa milimita 19 na urefu wa 26. Kama maabara yako tayari ina vyombo vya 24/29, havitaingiana na hivi mpaka ununue viunganishi, na hivyo huuzwa kando.

Kioo chenyewe hakina lawama. Ni borosilikati (kioo kinachostahimili joto), unene wa chupa ni sawa pande zote, na viungo vimesagwa vizuri hata grisi kidogo sana kwenye theluthi ya juu inatosha. Kazi ya kutoa maji safi kwenye maji ya chumvi inafanyika bila taabu. Taabu huanza kwenye kutenganisha ethanoli (kileo cha pombe) na maji, na hiyo ndiyo kazi inayowafanya walimu wengi wainunue.

Kwanza themomita. Ikikaa kwenye shimo lake, balbu inaishia kama sentimita 2 juu ya tawi. Mvuke unakata kona chini yake na kuingia kwenye kondensa, balbu inabaki ikipima hewa vuguvugu, nawe unasoma digrii kadhaa chini ya hali halisi. Ukingo wa juu wa balbu unapaswa kulingana na ukingo wa chini wa tawi. Hii iliyomo sandukuni ni fupi, haisukumiki zaidi. Nunua ya sentimita 30, ya kutoka –10 hadi 110.

Kijitabu cha maelezo nacho kinapotosha. Kinamwambia mwanafunzi akusanye kinachotoka kati ya digrii 77 na 80. Hizo ni hesabu za mtu aliye ufuoni Mombasa. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo maji huchemka karibu na digrii 96 na ethanoli karibu na 75. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni kama 94 na 73. Mwanafunzi wa Kisumu akikitii kijitabu, atatupa sehemu iliyo bora kabisa na kuhifadhi ile iliyokwisha kuingiwa na maji. Njia rahisi ni kuchemsha maji matupu kwanza kwenye seti hiyo hiyo, uone themomita inatulia wapi, kisha upange vipimo vyako kuanzia hapo.

Kwa jaribio lenyewe, weka ml 40 za ethanoli na ml 60 za maji kwenye chupa ya ml 250. Usivuke theluthi mbili za chupa, la sivyo povu litapanda hadi kwenye kondensa. Bila mnara, Kisumu utaona matone ya kwanza kwenye digrii 80 au 81, si 75, nayo yatakuwa na ethanoli kama asilimia 80 kwa ujazo. Yatawaka, lakini yataacha umajimaji kwenye kisahani. Ukiweka mnara mambo yanabadilika, ila mnara huu ni mfupi na vidole vyake vya kioo ni vichache. Ujaze shanga za kioo, au waya wa kusugulia sufuria wa chuma kisichoshika kutu (ule wa kawaida utaoza), ukiulegeza ili mvuke upite. Kisha uvike pamba na karatasi ya aluminiamu, maana upepo wa dirishani ukiupiga, mvuke wote hurudi chini na themomita hupanda na kushuka ovyo. Punguza moto hadi upate tone moja kila sekunde mbili au tatu. Anayeharakisha hapa anapata kile kile cha bila mnara.

Na hata ukijaza mnara wa urefu wa dari, hutavuka asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito. Hapo mvuke na kioevu vina mchanganyiko ule ule. Hata viwanda vinavyotengeneza ethanoli kwa molasi, kama kile cha Muhoroni, haviwezi kuuvuka mpaka huo kwa kuchemsha peke yake.

Sasa jambo la hatari. Kipokezi kina tawi dogo la kufyonzea hewa, na seti inakuja tawi hilo likiwa limezibwa na kifuniko cha mpira. Kiondoe kabla ya kuwasha chochote. Kikibaki, chombo kizima kimefungwa, mvuke hauna pa kutokea, na kitakachofuata ni kiungo kuruka au chupa kupasuka, huku mvuke wa ethanoli ukielekea kwenye moto. Tumia hita ya umeme badala ya taa ya Bunsen kama unayo.

Vipande vya kauri vya kutuliza mchemko havimo sandukuni. Vunja kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa, tia vitatu vinne kioevu kikiwa baridi. Ukivisahau, zima, subiri kipoe, ndipo utie. Ukivitia kwenye kioevu cha moto kitaruka chote kwa mpigo. Vya jana havifai leo, vitundu vyake vimeshajaa.

Wanaolalamika kwamba bomba la maabara halina nguvu wasijali. Maji huingia kwenye kondensa kwa chini na kutoka kwa juu (mchoro wa kijitabu umegeuza), na ndoo ya lita 20 yenye pampu ndogo ya tangi la samaki inatosha kabisa. Kukeneka ml 100 za maji kunaongeza joto la ndoo hiyo kwa digrii 3 hivi tu.

Stendi moja haitoshi. Chupa ishikwe kwa nguvu shingoni, kondensa ishikwe katikati kwa kulegea, vinginevyo uzito wake wote unaning'inia kwenye kichwa. Ukimaliza, tenganisha viungo vikiwa bado vuguvugu. Kikikwama, mwagia maji ya moto upande wa nje tu, kisha gonga taratibu kwa kipande cha mti.

Bei inastahili kwa sababu ya kioo. Mwombe muuzaji atoe themomita na stendi kwenye hesabu, akuuzie vioo peke yake.